Bawasiri ya miaka sita: leza, mpira au kisu?

Swali, kwa kifupi: "Dokta, mimi ni dereva wa basi la abiria kati ya Mwanza na Dar es Salaam, nina miaka 44. Bawasiri ninayo mwaka wa sita sasa. Nikienda haja kinyama kinatoka. Zamani kilirudi chenyewe, siku hizi nakirudisha kwa kidole. Damu inatoka, ingawa si kila siku. Hospitali moja ya binafsi wameniambia wana upasuaji wa leza: hauumi, unaondoka siku hiyohiyo, na bawasiri hairudi tena. Bei ni karibu mara tatu ya upasuaji wa kawaida. Nikope nikafanye? Nitarudi kwenye usukani lini? Na ni kweli bawasiri inamaliza nguvu za kiume? Mdogo wangu naye ana kitundu pembeni ya njia ya haja kubwa kinachotoa usaha, wamemwambia ni fistula. Leza itamsaidia?"

Kaka, pole kwa miaka sita hiyo. Nianze na ahadi ulizopewa. Kuondoka siku hiyohiyo ni kweli kwa wagonjwa wengi. Kwamba hauumi, punguza nusu. Kwamba bawasiri hairudi tena, si kweli, na daktari anayeijua kazi yake hakuambii hivyo kwa upasuaji wowote wa bawasiri, uwe wa leza au wa kisu.

Kabla ya bei, kuna jambo limenikwaza katika maelezo yako. Umesema hospitali "wameniambia", hukusema wamekupima. Je, kuna aliyekulaza ubavu, akavaa glovu, akapima kwa kidole, kisha akachungulia ndani kwa proktoskopu, kale kabomba kafupi kenye mwanga? Kama hakuna, basi hujui kama una bawasiri. Unajua tu kwamba una damu na kinyama. Saratani ya utumbo mpana na ya puru nayo hutoa damu, na tunawapokea watu waliokwishajitibu "bawasiri" kwa mwaka mzima, kwa dawa za kupaka na za kunywa, huku uvimbe ukikua taratibu ndani.

Damu ya bawasiri mara nyingi ni nyekundu mbichi. Hudondoka chooni au hukaa juu ya kinyesi baada ya kusukuma. Ukiona damu imechanganyika ndani ya kinyesi au choo ni cheusi, choo kimekuwa chembamba kuliko kawaida yako, unapungua uzito, unahisi haja haijaisha hata ukishamaliza, au una ndugu wa damu aliyewahi kuugua saratani ya utumbo, kolonoskopia, yaani kuchungulia utumbo mpana wote kwa kamera, haikwepeki. Kwa umri wako ningekufanyia hata bila hayo yote. Mwaka 2021 Marekani waliteremsha umri wa kuanza kuchunguza saratani hiyo kutoka miaka 50 hadi 45, tena kwa watu wasio na dalili yoyote. Wewe una miaka 44 na dalili unayo.

Halafu kama umekulia Mwanza ukioga ziwani, omba pia kipimo cha choo cha kichocho. Kichocho cha tumbo hutoa damu kwenye haja kubwa, kimejaa Kanda ya Ziwa, na dawa yake, prazikwanteli, ni vidonge vya siku moja. Ukope, uchomwe leza, halafu damu iendelee kwa sababu mdudu yumo bado kwenye mishipa ya damu ya utumbo? Hapana.

Tuseme sasa umepimwa na ni bawasiri kweli.

Kila mtu ana vifungu vya mishipa ya damu ndani ya njia ya haja kubwa, kwa kawaida vitatu, vinavyosaidia kuziba hewa na majimaji visivuje. Vikivimba na kulegea hadi vikaanza kuteremka, hapo ndipo tunapoita ugonjwa. Tunaupanga kwa madaraja manne. La kwanza linatoa damu tu, kinyama hakitoki. La pili kinatoka wakati wa kusukuma na kurudi chenyewe. La tatu hakirudi mpaka ukisaidie kwa kidole. La nne kimekaa nje, hata ukikisukuma hakikai ndani. Kwa maelezo yako wewe uko daraja la tatu, na ulipita la pili miaka kadhaa iliyopita bila kwenda kwa mtu.

Leza inafanya nini hapo? Unalazwa chali, miguu juu kwenye vishikio, umeshapigwa sindano ya ganzi mgongoni au umelazwa usingizi. Daktari anatoboa tundu dogo sana kwenye ngozi, pale mdomoni mwa njia, chini ya kinyama. Kupitia tundu hilo anaingiza waya wa kioo wenye unene wa milimita moja na nusu hivi, anausogeza chini ya utando hadi ndani ya kifungu chenyewe. Ncha ya waya inatoa mwanga usioonekana kwa macho, wa nanomita 980 au 1470 kutegemea mashine, na mwanga huo unageuka joto. Anapiga kwa mapigo mafupi ya sekunde chache, anasogeza kidogo, anapiga tena. Damu iliyomo inaganda, mishipa inasinyaa, na kovu linaloanza kujengeka linakivuta kifungu na kukishikiza kwenye ukuta wa ndani. Katikati ya mapigo wengi wetu huweka kidole cha glovu kilichojazwa maji na kugandishwa barafu, ili joto lisiunguze utando wa juu. Vifungu vyote vitatu huchukua dakika 15 hadi 30. Hakuna kilichokatwa, na kwa kawaida hakuna mshono.

Zingatia hilo la kutokata, kwa sababu ndilo linaloeleza uzuri wa leza na udhaifu wake pia. Ndani ya njia ya haja kubwa kuna mstari. Juu yake utando hausikii maumivu makali, chini yake ngozi inasikia kila kitu. Upasuaji wa kisu, ule ulioelezwa na Milligan na Morgan wa Hospitali ya St Mark's, London, mwaka 1937 na unaofanyika hadi leo, unaacha vidonda vinavyofika chini ya mstari huo. Haja ya kwanza baada ya upasuaji huo huwa haisahauliki. Leza inaacha kitobo tu, na joto lake linafanya kazi juu ya mstari. Tafiti zilizozilinganisha njia hizi mbili zinakubaliana hapo: wa leza hawaumwi sana kama wa kisu, wanatoka damu kidogo, wanarudi kazini mapema. Zinakubaliana na jambo la pili vilevile, lile ambalo hukuambiwa: kwa kuwa kinyama hakikuondolewa, uwezekano wa kurudi ni mkubwa kuliko kwa kisu.

Kwa hiyo unaponunua leza unanunua wiki chache za maumivu kidogo, na unalipa kwa fedha na kwa hatari kubwa zaidi ya kurudi mezani baada ya mwaka au miaka kadhaa. Kwa mtu wa daraja la pili, au la tatu ambalo vinyama si vikubwa, ni biashara inayoingilika. Kwa daraja la nne, au la tatu lenye vinyama vikubwa na ngozi nyingi iliyolegea nje, mimi humwambia mgonjwa kisu, ingawa najua hapendi kulisikia. Leza haiondoi ile ngozi ya nje. Ukitoka mezani itakuwepo palepale, na utadhani hukufanyiwa kitu.

Ipo njia ya tatu ambayo nashangaa hawakuitaja. Kufunga kwa mpira. Daktari anaingiza proktoskopu, anavuta kinyama kwa ndani, juu ya ule mstari wa maumivu, anakivisha pete ndogo ya mpira shingoni. Damu haiendi, kinyama kinanyauka na kudondoka ndani ya siku 5 hadi 10 hivi. Hufanyika kliniki, bila ganzi, dakika chache, na gharama ni sehemu ndogo tu ya hiyo uliyotajiwa. Inafaa madaraja ya 1 hadi 3. Huenda ukahitaji kurudia mara mbili au tatu kwa kuachanisha wiki kadhaa, na nayo bawasiri inaweza kurudi. Lakini kama ungekuwa ndugu yangu, na kipimo kikaonyesha daraja la tatu lisilo kubwa, ningeanza na mpira kabla ya kukuruhusu ukope. Asiyefaa kwa mpira ni anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama wafarini. Wewe hukutaja, ila mwambie daktari dawa zote unazotumia, hata aspirini ya moyo na za mitishamba.

Ukiamua leza, uliza mambo haya kabla ya kulipa. Je, wanaingiza waya ndani ya kifungu, au wanachoma kinyama kwa nje? Vyote viwili huitwa leza, lakini cha pili kinaacha kidonda kama cha kisu. Je, waya ni mpya? Umetengenezwa kwa mgonjwa mmoja, na sehemu nzuri ya bei ni huo waya. Daktari amefanya wagonjwa wangapi kwa njia hii, na wakirudiwa anawafanyia nini? Kama una bima, waandikie uulize kama wanalipia leza au wanalipia kiwango cha upasuaji wa kawaida na tofauti unaimalizia wewe.

Siku zenyewe zitakuwa hivi. Unaacha kula kabla ya upasuaji, kawaida kwa muda wa saa sita. Maji matupu mara nyingi unaruhusiwa mpaka zibaki saa mbili. Asubuhi wanakuwekea dawa ya kusafisha puru. Ganzi ya mgongoni inafanya miguu iwe mizito kwa saa kadhaa, na kinachowachelewesha wengi kuondoka ni haja ndogo: kibofu nacho kimelala. Hawakuachi utoke mpaka ukojoe, na ukishindwa wanaweza kukuwekea mpira wa mkojo kwa muda. Usijaze maji mengi kwenye dripu ukidhani unasaidia, muachie muuguzi.

Maumivu huanza ganzi inapoisha. Wengi wanayamudu kwa parasetamo na dawa za jamii ya ibuprofeni, kama tumbo na figo zako ni salama. Tramadoli na kodeini kaa nazo mbali kadiri uwezavyo, maana zinafunga choo, na choo kigumu ndicho adui wako wiki hiyo. Utapewa laktulosi au dawa nyingine ya kulainisha. Itumie kabla hujahisi kuihitaji. Usiogope kwenda haja. Anayejizuia siku tatu kwa woga, siku ya nne anapata kile alichokuwa anakikimbia. Tawaza kwa maji, jifute kwa kugusagusa tu, halafu kaa kwenye beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15, mara mbili au tatu kwa siku. Maji matupu yanatosha; dettoli na chumvi nyingi vinakausha ngozi na kuwasha.

Siku ya tatu hadi ya saba pale mdomoni huvimba, na huenda ukagusa kinundu ukadhani bawasiri imerudi. Bado. Vifungu vilivyochomwa husinyaa polepole, wiki 4 hadi 8, na kabla ya hapo hatuhukumu matokeo. Majimaji mepesi yenye damu kidogo kwa wiki mbili au tatu ni ya kawaida, weka pedi. Kisichosubiri kesho ni hiki: homa, maumivu yanayozidi siku baada ya siku badala ya kupungua, na mkojo kugoma. Hayo yakija pamoja yanaweza kuwa maambukizi ya ndani ya nyonga, ni nadra lakini yanaua, na unakwenda hospitali usiku huohuo. Vivyo hivyo damu inayolowesha pedi au inayotoka mabonge.

Usukani sasa. Ndani ya saa 24 baada ya ganzi au usingizi huendeshi chochote, hata bodaboda ya kwenda dukani. Mtu wa ofisini hurudi kazini baada ya siku tatu hadi saba. Wewe wa safari ya kutwa nzima ningekuzuia wiki mbili, na kama ni kisu, nne. Sina wasiwasi na kiti chako kama nilivyo na wasiwasi na breki: mguu unatakiwa ukanyage kwa nguvu zote bila kusita, na mwenye maumivu ya huko nyuma husita.

Na hapa nikuambie ukweli wa kazi yako, maana madereva nawajua. Hamnywi maji ili msisimame njiani. Haja ikija Shinyanga mnaibana hadi Singida. Chakula ni chipsi mayai na soda, au ugali wa sembe na nyama choma, mboga za majani kidogo pembeni kama pambo. Choo kinakauka, unakisukuma kwa nguvu na kwa haraka kwa sababu abiria wanapiga kelele. Hakuna leza itakayoshinda ratiba hiyo. Mtu mzima anahitaji gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Badili sembe kwa dona, maharage yawe ya kila siku, mchicha au matembele yajaze nusu ya sahani, papai asubuhi. Ongeza taratibu, ukizidisha ghafla tumbo litajaa gesi. Kunywa maji na ukubali kusimama. Abiria wenyewe watashukuru. Chooni kaa dakika tano, simu iache nje.

Swali la nguvu za kiume naulizwa kila wiki, na wauza dawa wanalijua vizuri kuliko sisi. Bawasiri haina njia ya kumaliza nguvu za kiume. Mishipa na neva zinazosimamisha uume si hizo zinazovimba. Kinachotokea ni kwamba mtu mwenye maumivu, aibu na hofu ya kutoka damu hapati hamu, na mwenye damu pungufu anachoka. Kama tatizo hilo unalo kweli, pima sukari na shinikizo la damu, huko ndiko mara nyingi jibu lilipo. Na kuna tahadhari moja: maumivu yako yakiwa makali kama ya wembe wakati wa kupata haja na kwa saa nzima baadaye, huenda una mchaniko wa ngozi ya mdomo wa njia ya haja, si bawasiri peke yake. Mchaniko hauhitaji leza; tunaanza na kulainisha choo na dawa ya kupaka ya dilitiazemu au gliseri trinitrati kwa wiki 6 hadi 8. Hiyo ya pili usiichanganye kamwe na vidonge vya kuongeza nguvu kama Viagra. Shinikizo la damu linaweza kushuka hadi ukaanguka.

Zile dawa za kupaka "kinyama kikatike chenyewe" ziache dukani. Zinaunguza, na kovu lake huweza kuibana njia hadi choo kikapita kwa taabu. Kumpanua mtu aliyebanwa hivyo ni kazi kubwa kuliko bawasiri yake ya mwanzo.

Mdogo wako ni habari tofauti kabisa. Fistula yake si ile ya uzazi. Ni mfereji uliobaki baada ya jipu: tezi ndogo ya ndani iliziba, ikatunga usaha, usaha ukatafuta njia hadi kwenye ngozi. Dawa za antibayotiki peke yake haziufungi. Swali linaloamua kila kitu ni mfereji umepita wapi kwenye misuli inayobana haja. Ukiwa mfupi na wa juujuu, kuupasua na kuuacha upone kutoka chini huponyesha zaidi ya wagonjwa 9 kati ya 10, kwa gharama ndogo, na leza hapo ni kupoteza fedha. Ukiwa umekata misuli mingi, kuupasua kunaweza kumfanya ashindwe kuzuia haja maisha yake yote. Huyo ndiye leza inaweza kumfaa: waya unaingizwa kwenye mfereji na kuvutwa nyuma polepole, kama milimita moja kwa sekunde, ukiunguza ukuta wake huku misuli ikibaki salama. Hupona takriban theluthi mbili. Waliobaki wanahitaji kurudiwa au njia nyingine, kama ile ya kuufunga mfereji katikati ya misuli iliyoelezwa na madaktari wa Thailand mwaka 2007.

Aanze na MRI, picha ya mashine ya sumaku, ya nyonga kama inapatikana. Apime VVU na sukari. Apimwe pia kifua kikuu, hasa kama anakohoa, amekonda, au fistula ilishapasuliwa ikarudi, maana fistula ya kifua kikuu hupona kwa dawa za miezi na si kwa mashine. Na kama leo kuna uvimbe wenye joto na maumivu yanayopwita, hilo ni jipu jipya. Linatobolewa kwanza, usaha utoke, mara nyingi tunapitisha uzi kwenye mfereji na kuuacha wiki kadhaa ukikausha. Anayetaka kumpiga leza wakati usaha bado umejaa, amkatalie na kuondoka.